Umebonyeza "Panga", Zamu ya Chama Ikabadilika: Kasoro Ndogo ya JavaScript Inayojificha Kwenye Apu za Pesa

Hebu tuchukue chama cha watu sita. Kila mwezi kila mmoja anatoa Ksh 2,000, jumla inakuwa Ksh 12,000, na mtu mmoja anabeba zote. Zamu zilipangwa siku ya kwanza kwa kura ya vikaratasi: wa kwanza mama mboga, wa pili fundi cherehani, wa tatu dereva wa boda, wa nne mwalimu, wa tano kinyozi, wa sita mwuza mitumba. Mweka hazina anatumia apu ya chama kwenye simu, daftari lilishastaafu.

Ni mwezi wa tatu. Mweka hazina anataka kuona nani hajamaliza kulipa, kwa hivyo anabonyeza kitufe cha "Panga kwa kiasi". Apu inampangia vizuri, mwenye kidogo anakaa juu: kinyozi 0, dereva wa boda 500, mwuza mitumba 1,000, fundi cherehani 1,500, halafu mama mboga na mwalimu ambao wamemaliza 2,000 zao. Anawapigia simu wanaodaiwa na ifikapo jioni wote wamelipa. Anarudi kwenye ukurasa wa malipo, na apu inamwambia: zamu ya mwezi huu ni ya mwuza mitumba.

Mwuza mitumba? Si yeye ni wa sita? Dereva wa boda ndiye amekuwa akihesabu siku, ana tairi za kununua. Na hapo ndipo maneno huanza. "Mweka hazina amehongwa." "Hao wawili si wanatoka kijiji kimoja?" Kumbe hakuna aliyemhonga mtu. Apu ilijiuliza nani wa tatu kwenye orodha, na ikajibu ukweli mtupu: wa tatu kwenye orodha kwa sasa ni mwuza mitumba. Tatizo ni kwamba orodha yenyewe ilikuwa imepangwa upya, na mpangilio wa zamani haukuwekwa popote.

Chama hiki ni cha mfano tu, lakini kasoro ni ya kweli na watengenezaji wa programu wanaijua vizuri. Inatokana na amri moja fupi katika lugha ya JavaScript. Huhitaji kujua kuandika programu ili kuielewa. Ukishaielewa, utajua lini skrini ya simu yako inakuonyesha kitu kisicho sawa, na lini pesa yenyewe iko hatarini. Hayo ni mambo mawili tofauti.

Mtu mmoja, majina mawili

JavaScript ndiyo lugha inayoendesha kurasa za intaneti unazofungua kwenye simu. Apu nyingi pia zimeandikwa kwa lugha hiyo, na kompyuta nyingi za kampuni zinazopokea maombi ya apu hizo zinaitumia. Brendan Eich wa kampuni ya Netscape aliitengeneza mwaka 1995, na toleo la kwanza lilimchukua siku kumi. Siku kumi! Watu wanalalamikia tabia zake za ajabu, lakini mimi nashangaa kwamba ilifanya kazi hata kidogo.

Kwenye JavaScript, orodha ya vitu, kama miamala yako au wanachama wa chama, hupangwa kwa amri inayoitwa sort. Mtengenezaji wa ile apu ya chama huenda aliandika hivi:

const kwaKiasi = wanachama.sort((a, b) => a.kiasi - b.kiasi);

Isome polepole. Upande wa kulia kuna orodha ya wanachama, na inaambiwa ijipange kwa kiasi. Upande wa kushoto kuna jina jipya, kwaKiasi. Mtu yeyote akiangalia atasema sasa tuna orodha mbili: ile ya zamani yenye zamu, na hii mpya iliyopangwa kwa kiasi. Sivyo. Kuna orodha moja tu, yenye majina mawili. Amri ya sort haitengenezi nakala. Inavuruga orodha ileile, papo hapo, kisha inakurudishia hiyohiyo.

Ni kama yule mtu ambaye shuleni anaitwa Mwalimu na nyumbani anaitwa Baba Njeri. Ukimnyoa Mwalimu, jioni usishangae Baba Njeri kuingia nyumbani na kipara.

Ukitaka mfano wa daftari, fikiria mweka hazina anayetaka kuona majina kwa mpangilio wa kiasi. Njia ya busara ni kupiga fotokopi, akate vipande vya fotokopi na kuvipanga atakavyo. Njia ya sort ni kuchana kurasa za daftari lenyewe na kuzishona upya. Matokeo ya haraka ni sawa kabisa. Tofauti utaiona siku utakapolitafuta daftari.

Kwa nini ilitengenezwa hivyo? Zamani kumbukumbu ya kompyuta ilikuwa ndogo na ghali, na kunakili orodha nzima kulionekana ni ubadhirifu. Lugha ya C, ambayo ni mzee kwa JavaScript, nayo hupanga papo hapo. Lakini kuna lugha ya Python ambayo ilifanya jambo moja la akili: amri yake ya kupanga papo hapo haikurudishii kitu. Ukijaribu kuipa matokeo jina jipya, jina hilo linabaki tupu na programu inagoma mapema. Anayetaka nakala ana amri nyingine tofauti. JavaScript inakukabidhi orodha kwa tabasamu, kama kwamba ni mpya, na hapo ndipo mtu anaponaswa.

Na lile neno const, ambalo kwa JavaScript linamaanisha kitu kisichobadilishwa, halisaidii hapa. Linazuia jina lisipewe orodha nyingine. Yaliyomo ndani ya orodha yanaendelea kubadilika bila kizuizi.

Kwa nini haionekani mapema

Kasoro hii haifi kwa sababu kwenye majaribio mambo huwa shwari. Anayejaribu apu anafungua ukurasa, anabonyeza "Panga", anaona orodha imepangwa, anaweka alama ya sawa na kwenda chai. Hakurudi kwenye ukurasa wa zamu baada ya kubonyeza. Au orodha yake ya majaribio ilikuwa na watu watatu, na kwa bahati walikuwa tayari wamekaa kwa mpangilio huo wa kiasi, kwa hivyo kupanga hakukuhamisha mtu.

Kisha kuna jambo linalowaudhi sana wateja: mara nyingi vurugu hii inaishi kwenye kumbukumbu ya apu tu. Ukifunga apu na kuifungua tena, orodha inavutwa upya kutoka kwa kompyuta za kampuni, na kila kitu kiko sawa. Unapiga simu huduma kwa wateja, unaambiwa "hebu fungua tena nione", unafungua, na shida imetoweka. Unabaki kuonekana kama uliota. Hukuota.

Ubaya unazidi pale apu inapohifadhi orodha iliyovurugwa. Turudi kwa chama chetu. Ikiwa ule mpangilio wa kiasi ulitumwa na kuhifadhiwa kama ndio orodha rasmi, mwezi wa nne zamu itakuwa ya nani? Hesabu tena: kinyozi, dereva wa boda, mwuza mitumba, fundi cherehani. Fundi cherehani, ambaye alikwisha beba Ksh 12,000 zake mwezi wa pili, anaitwa kubeba tena. Na dereva wa boda, ambaye sasa yuko nambari mbili, apu inamhesabu kama mtu aliyekwisha pokea. Hajaona hata shilingi. Chama kimeshafika kwa chifu, na chanzo ni mstari mmoja wa programu.

Kuna sura nyingine ya kasoro hii ambayo huenda ushakutana nayo. Unabonyeza "Panga kwa tarehe" na hakuna kinachotokea. Unabonyeza tena, kimya. Unaenda ukurasa mwingine, unarudi, na ghafla orodha imepangwa. Apu nyingi zimejengwa kwa vifaa kama React, ambavyo huchora skrini upya vinapopewa orodha mpya. Sort inaporudisha orodha ileile, React inailinganisha na ya awali, inaona ni ileile, na inaamua hakuna kazi ya kufanya. Data imebadilika chini kwa chini lakini picha ni ya zamani. Mtu akigusa safu ya tatu anayoiona, huku apu ikichukua nambari tatu kwenye orodha ambayo imeshahama, anayechaguliwa ni mtu mwingine kabisa. Hapo ndipo jina la mpokeaji kwenye hatua ya kuthibitisha linapokuokoa, na ndiyo sababu hatuchoki kulirudia: soma jina kabla ya kuweka PIN. Hata kama ulilichagua wewe mwenyewe kwenye orodha.

Salio linalopanda na kushuka

Swali linalowasumbua wengi ni kuhusu salio. Tuseme asubuhi ulikuwa na Ksh 5,000. Ukapokea 3,000, ukatoa 6,000 kwa wakala, ukalipa 500 dukani. Tuache ada kando ili hesabu iwe nyepesi. Salio lako lilienda hivi: 8,000, kisha 2,000, kisha 1,500.

Sasa chukua apu ambayo inakokotoa salio kwa kupitia orodha ya miamala mmoja baada ya mwingine. Umebonyeza "kubwa kwanza", sort ikavuruga orodha, na apu ikaanza na ule muamala wa 6,000. Elfu tano toa elfu sita: unaona salio la hasi 1,000 ambalo hujawahi kuwa nalo. Halafu 2,000. Halafu 1,500. Unaona? Katikati ni vituko, lakini mwisho ni uleule, kwa sababu kujumlisha na kutoa hakujali nani alitangulia. Kwa hivyo ukiona taarifa ya miamala yenye salio la ajabu katikati na salio la mwisho liko sawa, kuna uwezekano mkubwa ni mpangilio uliovurugika, si pesa iliyoibwa.

Kuna apu nyingine hazikokotoi. Kila muamala umehifadhiwa pamoja na salio lililobaki baada yake, na apu inachukua salio la muamala ulio mwisho wa orodha na kuliandika juu kwa maandishi makubwa. Ukipanga "ndogo kwanza", wa mwisho sasa ni ule wa 6,000, na salio lake lilikuwa 2,000. Skrini inakuambia una Ksh 2,000 na kumbe una 1,500. Unajaribu kutuma 1,800, inakataa, unaanza kulaumu mtandao. Mtandao hauna kosa. Salio la kweli halikai kwenye simu yako. Liko kwenye kompyuta za kampuni, na huko ndiko ombi lako la kutuma hupimwa.

Ukiona namba mbili tofauti, ulizia salio kwa njia nyingine. Ile menyu ya nyota na reli huletwa na mtandao wa simu na haipitii orodha iliyo ndani ya apu yako, kwa hivyo ni kipimo kizuri cha pembeni.

Elfu moja ni ndogo kuliko hamsini?

Wacha niongeze ndugu wa kasoro hii, kwa sababu hutembea pamoja. Mtengenezaji asipoiambia sort namna ya kulinganisha, JavaScript hugeuza kila kitu kuwa maandishi na kupanga kama kamusi. Chukua 50, 200, 1000 na 90. Ukiandika sort() peke yake, unapata 1000, 200, 50, 90. Ndiyo. Elfu moja imekuwa ndogo kuliko hamsini, kwa sababu tarakimu 1 hutangulia 5, kama vile "aa" hutangulia "e" kwenye kamusi. Tarehe zilizoandikwa siku kwanza nazo huumia: tarehe 01/12/2024 inakaa kabla ya 15/03/2023, kwani 01 inatangulia 15, mwaka hauangaliwi hadi baadaye. Ukiona taarifa yako imechanganya miaka namna hiyo, ushajua mchawi ni nani.

Na kuna hadithi ya kumi na kumi na moja, ambayo mimi huipenda. Kwa miaka mingi Chrome ilikuwa na njia mbili za kupanga: orodha ya vitu hadi kumi ilipangwa kwa njia moja, na ndefu zaidi kwa njia nyingine ya haraka ambayo haikuheshimu nani alitangulia kati ya waliolingana. Fikiria chama cha watu kumi, wote wamelipa 2,000. Ukipanga kwa kiasi, mpangilio wao haubadiliki. Anajiunga mtu wa kumi na moja, naye analipa 2,000, na ghafla majina yanaweza kurukaruka bila sababu inayoonekana. Chrome ilibadilisha njia hiyo mwaka 2018, kwenye toleo la 70, na kuanzia kanuni za JavaScript za mwaka 2019 ni lazima waliolingana wabaki kwa mpangilio waliokuja nao. Simu zenye kivinjari cha zamani sana bado zina tabia ile ya kale.

Wanaotengeneza wanairekebishaje

Dawa ni nyepesi kiasi cha kuudhi. Piga fotokopi kwanza:

const kwaKiasi = [...wanachama].sort((a, b) => a.kiasi - b.kiasi);

Zile nukta tatu ndani ya mabano zinamwaga wanachama kwenye orodha mpya, na sort inavuruga hiyo mpya. Ya zamani iko salama. Wengine huandika wanachama.slice().sort(...), maana ni hiyohiyo. Tangu mwaka 2023 kuna amri rasmi, toSorted, ambayo inarudisha nakala iliyopangwa bila kugusa ya kwanza, na mwenzake toReversed kwa kugeuza, maana reverse ya kawaida nayo inageuza papo hapo. Mbona basi kila apu haitumii toSorted? Kwa sababu ya simu zetu. Kwenye simu iliyokaa miaka bila kusasishwa kivinjari, amri hiyo haipo, na ukurasa unaweza kukwama. Anayewajali wateja wenye simu kuukuu bado anaandika zile nukta tatu.

Tahadhari moja: fotokopi hii ni ya mpangilio tu. Wanachama waliomo ni walewale, si nakala zao. Ukibadilisha kiasi cha mwalimu kwenye nakala, kimebadilika pia kwenye orodha ya kwanza. Mfano wangu wa daftari unaishia hapo.

Lakini kwa maoni yangu dawa ya kweli kwa apu ya pesa si fotokopi. Ni kutotegemea nafasi kabisa. Zamu ya dereva wa boda isiwe "yule aliyekaa wa tatu", iwe namba 3 iliyoandikwa kwenye rekodi yake, hata orodha ipinduliwe mara mia. Na muamala utambuliwe kwa msimbo wake, usitambuliwe kwa safu uliyokaa kwenye skrini.

Ukishuku, fanya hivi

Usikimbilie kutuma tena. Watu wengi hulipa mara mbili kwa sababu muamala hawakuuona juu ya orodha, na kumbe ulikuwa umehamia chini. Tafuta SMS ya uthibitisho kwanza. SMS ina msimbo, kiasi, jina, saa na salio la wakati huo, na kitufe cha "Panga" hakiwezi kuigusa. Ndiyo maana usizifute, hasa za chama na za kodi ya nyumba.

Mweka hazina, andika zamu mahali pengine pia. Ujumbe mmoja kwenye kundi la chama siku ya kura unatosha, kila mtu anao na hakuna wa kubishana. Na kabla ya kutoa Ksh 12,000, linganisha jina ambalo apu inakupa na ujumbe huo.

Akikupigia mtu kukuambia apu ina hitilafu ya kupanga miamala na anahitaji PIN yako ili airekebishe, kata simu. Kupanga orodha hakuhitaji PIN ya mteja, hata siku moja.

Unapopiga huduma kwa wateja, usiseme tu "apu imeharibika". Sema ulibonyeza nini kabla: ulipanga kwa kiasi au kwa tarehe, kisha ukaenda ukurasa gani. Taja msimbo wa muamala, saa, aina ya simu, na kama shida iliisha ulipofunga apu na kuifungua tena. Hiyo ya mwisho wateja wengi huiacha kwa kuona haina maana tena, lakini ndiyo itakayomwambia mtengenezaji aanze kutafuta sort kwenye programu yake. Kama unaweza, piga picha ya skrini kabla ya kufunga.